Ndago za Anfin Rislov

Lowell Haugstad alisimama mlangoni kwa dada yake, gambuti zimejaa tope, akavua kofia. Ardis akamwambia kuna kahawa.

"Aa, usijisumbue," Lowell akasema.

"Si usumbufu. Iko jikoni tayari."

"Nimekunywa nyumbani."

"Tone tu."

"Haya, tone tu basi," Lowell akasema, akaketi, akanywa vikombe viwili na kumaliza keki zote zilizokuwa kwenye sahani.

Ndivyo tulivyo sisi watu wa huku magharibi mwa Minnesota. Mtu hukaribishwa mara tatu. Ya kwanza ni adabu ya mwenyeji, ya pili ni adabu ya mgeni, na ya tatu ndiyo karibu yenyewe. Anayekubali ya kwanza ni mlafi, au katokea Chicago. Na anayekaribisha mara mbili kisha akanyamaza, huyo hajamkaribisha mtu. Tunalijua hilo tangu tukiwa tunanyonya, na hakuna aliyewahi kukaa chini kutufundisha.

Lowell alikuwa amekuja kwa ajili ya bwawa. Nyuma ya nyumba ya Ardis, pale shamba linapobonyea kama kiganja, palikuwa na kinamasi tangu dunia iumbwe, mpaka babu yao Selmer alipokikausha kwa kuzika mabomba ya udongo wa kuchoma, kiangazi kile baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Tangu hapo pakawa mahindi na soya, soya na mahindi. Ardis alipomzika mumewe Duane akataka kuona kitu kimoja, hata kimoja tu, kikirudi. Watu hawarudi, au ndivyo alivyodhani wakati ule, basi akaona heri maji. Akaita kijiko, ile mashine ya kuchimba, kikavunja bomba la babu upande wa chini, na maji yakarudi wiki ileile, yakakaa mahali pake kama mtu aliyekuwa ametoka kidogo kwenda dukani.

Lakini maji peke yake ni dimbwi. Kinamasi ni ndago. Bila ndago bata hawatagi, vyura hawakai, na magugu ya kigeni huingia yakala kila kitu. Ardis akasema atazipanda ndago kwa mbegu, zile za asili, za hapahapa. Lowell, aliyekuwa na nusu ya shamba lile na aliyekuwa ametumia maisha yake yote akiua ndago kwa dawa, akasema sawa, ila kama hazijashika yafikapo mavuno ya mahindi mwaka ujao, atalaza bomba jipya la plastiki na kulima. Wakapeana mikono juu ya meza. Bomba lenyewe alikwisha kulinunua. Lilikuwa ghalani, limeviringishwa, linangoja.

Mwaka wa kwanza mambo yaliharibika, na yaliharibiwa na upendo. Ardis alikusanya mbegu kwenye mitaro ya kando ya barabara, magunia kwa magunia. Lowell, kwa kutaka kumsaidia dada yake, akazichukua akazitia kwenye mashine ya kukaushia mahindi hadi zikawa zinalia kama kokoto. Kisha akazipanda kwa trekta, mstari umenyooka, na kuzifukia urefu wa kidole. Mkulima wa mahindi anajua mambo mawili kuhusu mbegu: ikaushwe, izikwe. Ndago haitaki hata moja kati ya hayo. Ndago inataka kulala majimaji kwenye baridi majira yote ya theluji, na ikiamka inataka kuwekwa juu ya tope, ikitazama jua, na kukanyagwa kidogo kwa mguu ishikamane na ardhi. Ukiizika inakufa. Hakikuota kitu.

Basi mwaka wa pili Ardis alichanganya mbegu na mchanga wenye maji, akazijaza kwenye ndoo za aiskrimu, akazipanga kwenye friji pamoja na maziwa na mayai, na wageni wakawa wanafunua ndoo kwa tamaa na kuzifunika kwa huzuni. Theluji ilipoyeyuka akazimwaga juu ya tope lote la bwawa na kuzikanyaga kwa miguu yake mwenyewe, akienda na kurudi, mama mzima wa karibu miaka sabini, hadi magoti yakakataa.

"Zimeota," Ardis alisema sasa, akiondoa vikombe.

"Wapi?"

"Sehemu moja."

Wakaenda kuona. Tope lote lilikuwa tupu, jeusi, linang'aa. Katikati tu, karibu na pale kijiko kilipovunjia bomba, ndago zilikuwa zimeota nzito na kijani, kwa umbo la mwanamume aliyelala chali. Kichwa kilikuwepo, mabega yalikuwepo, miguu miwili imeachana kidogo. Mkono mmoja ulikuwa umenyooshwa juu ya kichwa kama wa mtu anayeomba avutwe.

Lowell alilitazama muda mrefu.

"Ni mtu," akasema.

"Ni mtu."

"Mrefu."

"Kumshinda baba."

Lowell akainama, akang'oa shina moja la begani, akalisokota kati ya vidole hadi akazisikia zile kingo zake tatu. "Ni ndago kweli," akakubali. "Lakini eneo lenyewe dogo, dada. Hapo huwezi kusema zimeshika." Akapangusa vidole kwenye suruali, akaenda zake, na Ardis akabaki na hofu kwamba kaka yake alikuwa anasema kweli.

Jioni ya siku hiyo, jua likiwa bado juu ya ghala, mwenye umbo alikuja. Alisimama chini ya ngazi za jikoni, kijana wa miaka kama ishirini na tisa, kofia ya kitambaa mkononi, suruali ya mikanda ya mabegani, tope limemfika kifuani. Hakuwa na gambuti. Alisema jioni ilikuwa nzuri. Ardis akasema ndiyo, ingawa palikuwa na mbu. Kijana akakubali kwamba mbu walikuwepo.

"Kuna kahawa," Ardis akasema.

"Aa, nitakuchafulia sakafu."

"Sakafu huoshwa. Karibu."

"Niko sawa hapahapa nje."

"Ingia unywe kahawa," Ardis akasema.

Kijana akamtazama usoni muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akapanda ngazi, akaketi kwenye kiti cha Duane, akanywa.

Ardis hakujua amwite nani. Kwa sura angeweza kuwa mwanawe, kwa tope alikuwa babu. Kijana akamwondolea shida hiyo. "Mimi ni Anfin," akasema. "Anfin Rislov. Nilifanya kazi kwa babu yako."

Jina hilo Ardis alilijua, na nani asiyelijua huku? Anfin Rislov ndiye aliyemwacha mkewe Borghild na mtoto wa miaka minne, akakimbilia Montana na mwanamke asiyejulikana. Hadi leo mume akichelewa kurudi tunasema amekwenda Montana. Mbwa akipotea, amekwenda Montana. Koleo lisipoonekana ghalani, nalo vilevile. Kanisani kwetu kila mtu hupenda kukaa viti vya nyuma, na anayetangulia kufika huwahi nyuma, lakini Borghild Rislov hakuwahi kusogezewa nafasi huko, wala mwanawe, wala Verna, mjukuu wake, ambaye sasa ni bibi wa miaka themanini na zaidi na bado anakaa benchi la mbele kabisa, peke yake, huku kanisa zima likimtazama kisogo.

"Hukwenda Montana," Ardis akasema.

"Sijavuka hata ule mto pale chini." Anfin akapuliza kahawa. "Tulikuwa tunalaza mabomba. Mtaro ulikuwa na kina cha kunipita kichwa. Mimi niko chini napanga, Selmer yuko juu ananishushia. Adhuhuri akaona ukuta umepasuka. Akaniambia, Anfin, toka, njoo unywe kahawa, ukuta huo siupendi. Nikamwambia, aa, usijali, namalizia hili moja. Akaniambia tena, toka. Nikamwambia niko salama tu huku. Nikaweka bomba chini, nikajipangusa mikono kwenye suruali, nikangoja."

Ardis hakuuliza alingoja nini. Sote tungejua.

"Alitazama mawingu," Anfin akasema. "Mvua ilikuwa inakuja na mabomba yalikuwa yamebaki machache. Akanyamaza. Ukuta ukaanguka."

Saa ya ukutani ilikuwa inagongagonga. Selmer ndiye aliyemfundisha Ardis kufunga kamba za viatu. Alikuwa na mikono yenye harufu ya tumbaku na peremende.

"Hakukufukua?"

"Alilia kwanza," Anfin akasema, kwa haki. "Alilia sana, namwonea huruma hadi leo. Kisha akalaza mabomba yaliyobaki juu yangu. Mvua ilikuwa inakuja."

Akanywa hadi chini ya kikombe. Ardis akamwuliza anataka nini, na kwa kuwa alikuwa mtu wa huku, Anfin akasema hataki usumbufu. Akazisifu mbegu zilizokuwa kwenye friji. Akasema alizisikia mwaka uliopita zikizikwa juu yake, akasikitika, kwa sababu yeye tayari alikuwa anajua kuzikwa hakusaidii. Alipofika mlangoni ndipo akauliza, akiipindapinda kofia:

"Mjukuu wangu bado anakaa mbele?"

"Bado."

"Ingekuwa vizuri akikaa nyuma kidogo," Anfin akasema, akashuka ngazi.

Tangu siku hiyo alikuja kila jua lilipoelekea kuzama, akachukua ndoo ya aiskrimu, akamwaga mbegu na kuzikanyaga. Pale alipokanyaga ziliota. Zilianzia kwenye ule mkono ulionyooshwa, zikaenda vidole, zikaenda ukingoni, zikarudi. Watu waliopita barabarani na pikapu zao walimwona, wakainua kidole kimoja juu ya usukani kama inavyopasa, naye akainua chake. Mchungaji alisimama siku moja akasema kwaya ina upungufu wa sauti nzito na kama kijana angependa, mazoezi ni Jumatano. Anfin akasema aa, sauti yake si nzuri. Mchungaji akasema haina neno. Akasema wana uwezo wa kumfundisha. Anfin akasema hana viatu, akacheka, na hapo mchungaji akawa amechelewa kwenye kikao, akaondoka. Hakuna aliyemwuliza Anfin jina lake. Sisi hatuulizi mtu mambo yake.

Bata wakaja. Wale ndege weusi wenye mabega mekundu wakaja, wakagombana juu ya mashina. Jioni vyura walipiga kelele hadi Ardis akawa anaongeza sauti ya redio. Alipaswa kufurahi na alifurahi, lakini kila asubuhi akiamka alijua kwamba hajaenda kwa Verna.

Akaenda kwanza kwa Lowell. Alimkuta chini ya trekta, akazungumza na viatu vyake.

"Ni Anfin Rislov," akasema. "Yuko chini ya bomba. Babu alimwacha mle."

Spana ilisimama kidogo, kisha ikaendelea. "Nilihisi sura hiyo nimeiona kwenye picha za kanisa," Lowell akasema.

"Verna inabidi ajue."

"Inabidi." Spana ikazunguka. "Akijua yeye, sherifu atajua. Sherifu akijua, wataleta kijiko. Watafukua bwawa zima kutafuta mifupa, dada, tope lote juu chini, na miche yako midogo hivyo ikizikwa imekwisha. Hapo mavuno yamefika. Na tulipeana mikono."

"Ungelima juu ya mtu, Lowell?"

Lowell akatoka chini ya trekta, akaketi, akajifuta uso akajipaka grisi. Hakuwa mtu mbaya. Aliwalisha paka wa jirani wakati wa theluji. "Tumelima juu yake miaka yote hii," akasema polepole. "Mimi nimepita juu yake na mashine kila vuli tangu nina miaka kumi na miwili. Usinifanye nilifikirie hilo leo. Na dirisha lile la rangi kanisani lina jina la babu. Tutalifanya nini, tulipasue? Halafu yeye mwenyewe Anfin mbona halalamiki?"

"Hawezi kulalamika. Ni Mluteri."

"Basi," Lowell akasema, akarudi chini ya trekta.

Mahindi yakageuka rangi. Septemba, siku moja ya mawingu, Ardis akapiga moyo konde. Akatengeneza lefse, zile chapati za viazi, akazifunga kwenye taulo, akaendesha hadi mjini kwa Verna Rislov. Njiani aliyapanga maneno kwa sauti. Alikuwa amekwisha kuamua, na alipozima gari alikuwa bado ameamua.

Verna alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, mwenye macho makali ya buluu. Alimkaribisha Ardis kahawa mara tatu, Ardis akakubali ya tatu, wakazungumza juu ya nyonga ya Verna na bei ya siagi. Dirishani kulionekana anga la magharibi, zito.

"Bi Verna," Ardis akasema, "kuna jambo la babu yako nataka kukuambia."

"Aa, mambo ya zamani hayo," Verna akasema. "Usijisumbue."

"Si usumbufu. Ni haki yako ulijue."

"Nimefika umri huu bila kulijua. Sijambo."

Verna akaweka kikombe mezani. Akajipangusa mikono kwenye aproni, mmoja, kisha mwingine. Akaiweka mapajani, akatulia.

Ardis aliona. Huwezi kusema hakuona. Aliiona ile mikono imetulia, akajua inangoja nini, na akajua kwamba mbele yake ameketi mtu aliyengoja hivyo tangu akiwa msichana wa gauni la kipaimara, kwenye benchi la mbele, mgongo umenyooka. Neno lilikuwa mdomoni tayari. Wakati uleule akawaona bata kwenye maji ya nyuma ya nyumba yake, na ndago changa zikitikisika, na kijiko kikiteremka ukingoni na meno yake. Akasema moyoni, wiki moja tu. Mavuno yapite, zishike mizizi. Akageuza uso dirishani, akatazama mawingu.

"Mvua inakuja," akasema.

Verna akachukua kikombe chake.

"Inakuja," akasema.

Lowell alikuja kukagua kabla hajatoa mashine ya kuvunia. Alizunguka bwawa lote. Ndago zilikuwa zimejaa ukingo hadi ukingo, na lile umbo la mtu halikuonekana tena, limemezwa na ndago nyingine. Alivuta shina moja kwa nguvu na halikung'oka. Akavua kofia, akajikuna.

"Si mbaya," akasema, na huku kwetu sifa haizidi hapo. Jioni hiyohiyo akalipakia lile bomba la plastiki kwenye pikapu na kulirudisha lilikonunuliwa.

Anfin alikuwa upande wa pili akikanyaga mbegu za mwisho. Ardis alimfuata hadi maji yakamfika kwenye vifundo vya miguu.

"Umemwambia?" Anfin akauliza.

"Nimemwambia mara mbili."

Mguu wa Anfin ukabaki ndani ya tope. Bata walikuwa wanatua.

"Alikuwa anangoja?"

"Alikuwa anangoja."

Anfin akatikisa kichwa kukubali, polepole, kama mtu aliyeulizwa kama njia bado ni ileile. Hakukasirika, na Ardis angependelea akasirike, amtukane, amwite mjukuu wa Selmer. Alisema tu kwamba ndago zimetoka vizuri. Akainua mguu, akaushusha hatua moja mbele.

Wiki moja ikapita, mavuno yakapita, theluji ya kwanza ikaanguka. Ardis alijiambia kwamba barafu ikishaganda hakuna atakayefukua, na ikiyeyuka ndege watakuwa wametaga, na ndege wakishataga ni sheria kutowasumbua. Sababu zilikuja zenyewe, moja ikiita nyingine. Anfin aliendelea kuja jioni. Ardis alimkaribisha kahawa mara tatu bila kukosa, hata siku alizokuwa mgonjwa, na alimpa gambuti za Duane.

Jumapili ya shukrani ya mavuno kanisa lilijaa. Ardis alikaa nyuma, kwenye kiti chake. Verna akapita katikati na mkongojo wake, hadi mbele, akaketi peke yake chini ya dirisha lenye jina la Selmer Haugstad, na baada ya ibada sote tukashuka ukumbini chini kwa kahawa. Ardis ndiye aliyekuwa zamu ya birika. Akapita meza kwa meza, watu wakikataa na kukataa na kukubali, akafika kwa Verna.

"Kahawa, Bi Verna?"

"Ndiyo," Verna akasema, akamsogezea kikombe.

Alisema hivyo mara ya kwanza. Mazungumzo yakakatika meza ya jirani, kisha ya pili yake, hadi ukumbi mzima ukawa kimya, na mwanamke aliyekuwa anakata keki akabaki na kisu hewani. Mtu aliyekufa alikuwa ametembea bwawani kiangazi chote na hakuna aliyegeuza shingo, lakini hili watu waliligeukia. Lowell alitazama viatu vyake. Verna alikishika kikombe kwa mikono miwili, macho makavu juu ya Ardis, akipokea alichopewa, bila kungoja tena ya tatu.

Ardis akammiminia hadi juu.